Dawa za Kuulia Wadudu na Joto Kali Shambani: Maswali na Majibu kwa Wakulima na Vibarua

Katika mashamba ya vitunguu ya Mang'ola na Ruaha Mbuyuni, kwenye nyanya za Ngarenanyuki na hata kwenye pamba ya Simiyu, mkulima hupiga dawa katika maeneo na misimu ambayo jua lenyewe ni mzigo. Hata hivyo, mafunzo mengi hutenganisha mambo haya mawili: leo somo la viuatilifu, kesho somo la joto. Maswali yafuatayo yanajibiwa kwa kuviangalia vyote viwili pamoja, kwa kuwa mwili wa anayebeba bomba mgongoni hauvitenganishi.

Kwa nini joto huongeza madhara ya dawa?

Mwili ukipata joto hujipoza kwa kupeleka damu nyingi karibu na ngozi na kwa kutoa jasho, na hizo ndizo hali zinazoirahisishia sumu kupenya. Ngozi iliyolowa jasho, yenye damu inayopita kwa wingi chini yake, hufyonza kemikali haraka kuliko ngozi kavu iliyopoa. Aidha, baadhi ya dawa hugeuka mvuke kwa urahisi zaidi jua linapokuwa kali, na mtu anayehema kwa nguvu kwa sababu ya kazi na joto huvuta hewa hiyo kwa wingi zaidi. La mwisho, ambalo kwa maoni yangu ndilo kubwa kuliko yote, ni kwamba joto humfanya mtu avue vile vilivyokusudiwa kumkinga: ovaroli, glavu, kifuniko cha uso.

Je, sumu huingia mwilini hasa kwa kuvuta hewa?

Wengi huamini hivyo, na ndiyo maana utamwona mtu amejifunga kanga au mtandio puani huku miguu iko wazi na mgongo umelowa dawa iliyovuja kutoka kwenye bomba. Kwa mpiga dawa wa shambani njia kuu ya sumu kwa kawaida ni ngozi. Ngozi nayo hailingani mwilini kote. Majaribio ya zamani yaliyofanywa kwa dawa iitwayo parathioni yalionyesha kuwa ngozi ya paji la uso hufyonza takribani mara nne ya ile ya mkono chini ya kiwiko, na ngozi ya korodani zaidi ya mara kumi. Kutokana na hilo kuna kanuni moja ambayo haisemwi vya kutosha: mtu anayepiga dawa anapaswa kunawa mikono kwa sabuni kabla ya kwenda haja ndogo, si baada tu. Kanga au barakoa ya kitambaa haizuii mvuke wa kemikali, na ikishalowa dawa huubana unyevu huo mdomoni na puani.

Dawa hizi hufanya nini ndani ya mwili?

Inategemea kundi. Zilizozoeleka na zilizo hatari kwa mishipa ya fahamu ni organofosfati, kama vile klorpirifosi, profenofosi na dimethoeti, pamoja na jamaa zao kabamati. Hizi hukizuia kimeng'enya kiitwacho kolinesterasi, ambacho kazi yake ni kukatisha ujumbe unaotoka kwenye mshipa wa fahamu kwenda kwenye msuli au tezi. Kimeng'enya kikizuiwa, ujumbe haukomi: mate na machozi hutiririka, kamasi hujaa kwenye mapafu, tumbo husokota na kuharisha, mboni za macho husinyaa, na misuli huanza kurukaruka kabla ya kulegea. Anayefariki kwa sumu hii mara nyingi hufariki kwa kushindwa kupumua.

Piretroidi, ambazo nazo hutumika sana kwenye mboga, kwa kawaida huleta mwasho na hisia ya kuchomwachomwa usoni. Parakwati, dawa ya magugu, ni habari nyingine kabisa, kwani funda moja tu lililomezwa linaweza kuua kwa kuharibu mapafu na figo, na hakuna kiondoa sumu chake. Inafaa kujua kwamba rangi iliyopo chini ya lebo, yaani nyekundu, njano, bluu au kijani, hupima tu ukali wa sumu inayoingia kwa muda mfupi. Kwa uainishaji wa Shirika la Afya Duniani, parakwati huangukia katika daraja la njano. Asiyeona nyekundu asidhani yuko salama. Kuhusu klorpirifosi, mwaka 2025 nchi wanachama wa Mkataba wa Stockholm zilikubaliana kuiingiza katika orodha ya kemikali za kuondolewa, ingawa kwa misamaha ya baadhi ya matumizi.

Joto peke yake linaweza kuua?

Ndiyo. Halijoto ya ndani ya mwili ni takribani nyuzi 37 za Selsiasi. Misuli inayofanya kazi huzalisha joto lake yenyewe, kwa hiyo mtu anayelima au kubeba bomba la lita 15 au 20 hupashwa kutoka nje na kutoka ndani kwa wakati mmoja. Mwanzoni hupata uchovu wa joto: kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu, jasho jingi na misuli kukaza. Akipumzika kivulini na kunywa maji, kwa kawaida hupata nafuu. Akiendelea, halijoto ya ndani inaweza kufika nyuzi 40 au zaidi, naye akaanza kuongea ovyo, kuyumba, kupata degedege au kuzimia. Hicho ni kiharusi cha joto. Zamani ilifundishwa kwamba mgonjwa wake huwa na ngozi kavu, lakini anayeugua akiwa kazini anaweza kabisa kuwa bado anatoka jasho. Dalili ya kuiangalia ni kubadilika kwa akili.

Mtu mgeni wa joto, au aliyekaa wiki kadhaa bila kazi za jua, huhitaji kati ya siku 7 na 14 mwili wake uzoee. Kibarua aliyetoka kwenye baridi ya milimani na kupewa kipande kizima siku ya kwanza bondeni yuko hatarini kuliko wenzake. Utaratibu unaopendekezwa kwa mgeni ni kuanza na sehemu ya tano ya kazi siku ya kwanza, kisha kuongeza kidogo kidogo kila siku.

Kichwa kinauma, natapika na natoka jasho. Nitajuaje ni dawa, ni joto au ni malaria?

Hapa ndipo watu wengi hupotea, na si wakulima peke yao. Utafiti mmoja wa wakulima wadogo wa mboga wa kaskazini mwa Tanzania, uliochapishwa mwaka 2007, ulikuta asilimia 68 wakieleza kwamba walijisikia wagonjwa baada ya kupiga dawa kwa namna ya kawaida. Kizunguzungu na maumivu ya kichwa ni miongoni mwa malalamiko hayo, nayo ni dalili zinazofanana na za joto na za malaria. Matokeo yake, mtu hununua dawa ya malaria na panadoli dukani, analala, kesho anarudi kwenye bomba.

Mboni zilizosinyaa kama nukta, mate na kamasi zisizoisha, kifua kinachokoroma na misuli inayorukaruka huelekeza kwenye organofosfati au kabamati. Mwili unaowaka pamoja na kuchanganyikiwa, bila dalili hizo, huelekeza kwenye joto. Malaria huthibitishwa kwa kipimo cha haraka cha damu, hivyo pima badala ya kukisia. Lakini kipimo kikionyesha kwamba mtu ana vimelea, hiyo haifuti uwezekano wa sumu, kwa sababu katika maeneo yenye malaria nyingi mtu anaweza kuwa na vyote viwili. Jambo lenye manufaa kuliko yote ni kumwambia mganga, bila kungoja kuulizwa, kwamba ulikuwa unapiga dawa, ni dawa gani, na saa ngapi. Nenda na lebo au kopo lililofungwa vizuri ndani ya mfuko.

Mwenzangu ameanguka shambani. Nianze na nini?

Mtoe kwenye eneo lenye dawa na umpeleke kivulini. Anayemsaidia avae glavu, au afunike mikono kwa mifuko ya plastiki akikosa glavu, kwani sumu iliyo kwenye nguo za mgonjwa inaweza kumdhuru yeye pia. Mvue nguo zote zilizolowa dawa, hata kama ni mbele za watu, na umwoshe kwa maji mengi na sabuni, pamoja na nywele na chini ya kucha. Macho yasafishwe kwa maji safi yanayotiririka kwa dakika 15 au zaidi. Kwa bahati njema, maji hayo hayo ndiyo tiba ya kwanza ya joto: kama mwili unawaka, endelea kummwagia maji na kumpepea, na usisubiri gari ndipo uanze kumpoza.

Kama hana fahamu au anatapika, mlaze ubavu ili matapishi yasiingie kwenye mapafu, wala usimpe chochote kinywani. Usimtapishe. Dawa nyingi za maji zimechanganywa na vimiminika vya jamii ya mafuta ya taa, na zikirudi juu zinaweza kuingia mapafuni na kuleta madhara makubwa kuliko yale ya tumboni. Panadoli haishushi joto la kiharusi cha joto, kwa kuwa hiyo si homa ya ugonjwa.

Hospitalini, sumu ya organofosfati hutibiwa kwa atropini, ambayo hutolewa kwa kurudiwa mpaka mapafu yakauke. Kwa kuwa atropini hupunguza jasho, mgonjwa aliyetoka juani anahitaji kuendelea kupozwa wakati wa matibabu, jambo ambalo katika wodi yenye joto ni rahisi kusahaulika.

Maziwa huondoa sumu?

Hapana. Desturi ya kunywa maziwa kabla au baada ya kupiga dawa imeenea sana, na wapo waajiri wanaoigawa pakiti ya maziwa kana kwamba ni kifaa kinga. Maziwa ni chakula kizuri, ila hayana uwezo wa kuiondoa sumu iliyokwisha kupenya kwenye ngozi na kuingia katika damu. Hasara yake ni kwamba yanampa mtu ujasiri usio na msingi. Fedha hiyo ingenunua sabuni na glavu.

Vifaa kinga havivaliki kwenye joto. Tufanyeje?

Swali hili ni la haki, na jibu la kurudia tu kwamba "vaa vifaa kinga" halimsaidii aliye bondeni saa saba mchana. Njia yenye nguvu zaidi ni kubadili saa. Kupiga dawa kati ya saa 12 na saa 3 asubuhi, au jioni jua likishapoa, hupunguza joto na mvuke, na humwezesha mtu kuvumilia nguo za mikono mirefu, suruali ndefu inayofunika gambuti kwa nje ili dawa isimiminike ndani, na glavu za mpira badala ya za kitambaa. Huko Oman, kazi za nje hukatazwa kati ya saa 6:30 mchana na saa 9:30 alasiri kuanzia Juni hadi Agosti. Hakuna kinachomzuia mwenye shamba wa huku kujiwekea kanuni kama hiyo kwa kazi ya dawa, mwaka mzima.

Njia ya pili ni kupiga dawa mara chache zaidi: kukagua mimea kwanza badala ya kufuata kalenda, na kuacha kuchanganya dawa mbili tatu katika bomba moja bila ushauri, kwani mara nyingi majina tofauti ya dukani hubeba kiambato kilekile. Bomba linalovuja litengenezwe kabla ya kutumika. Nozeli iliyoziba isipulizwe kwa mdomo. Dawa ipigwe upande ambao upepo unaipeleka mbali na mpigaji, naye asipite kwenye majani aliyokwisha kuyalowesha.

Tunywe maji kiasi gani?

Takribani kikombe kimoja kila baada ya dakika 15 au 20, bila kungoja kiu, na yasizidi lita moja na nusu kwa saa. Kwa kazi ya saa nyingi yenye jasho jingi, chumvi nayo inahitajika. Chakula cha kawaida au maji ya ORS hutosha. Maji yawekwe mbali na sehemu ya kuchanganyia dawa, na mikono inawe kabla ya kushika kikombe.

Tahadhari moja inahusu diklofenaki na ibuprofeni, ambazo vibarua wengi humeza kwa ajili ya mgongo. Zikinywewa na mtu aliyepungukiwa maji huweza kuumiza figo. Katika mashamba ya miwa ya El Salvador na Nicaragua, ugonjwa sugu wa figo umewaua vijana wengi wasio na kisukari wala shinikizo la damu, na kufanya kazi nzito kwenye joto ndicho chanzo kinachotiliwa shaka zaidi, huku mchango wa kemikali ukiendelea kuchunguzwa.

Kuna kipimo cha kujua sumu inajikusanya kidogo kidogo?

Kwa organofosfati na kabamati, kipo: damu hupimwa kiwango cha kolinesterasi kabla ya msimu, kisha hupimwa tena wakati wa msimu. Kikishuka kwa asilimia 30 chini ya kile cha awali, mfanyakazi huondolewa kwenye kazi ya dawa mpaka kiwango hicho kirudi juu, hata kama anajisikia mzima. Bila kipimo cha awali, cha pili ni vigumu kukitafsiri, kwa kuwa watu hutofautiana.

Makopo matupu yanaweza kutumika nyumbani?

Hayafai kwa lolote, hata yakioshwa. Mwaka 2013 katika jimbo la Bihar nchini India, zaidi ya watoto 20 walifariki baada ya kula chakula cha shule kilichokuwa na monokrotofosi. Mafuta ya kupikia, ambayo iliripotiwa kuwa yaliwekwa kwenye chombo kilichowahi kubeba dawa hiyo, yalikuwa yamechafuliwa nayo. Kopo lisuuzwe mara tatu, maji ya kusuuzia yarudishwe kwenye bomba, kisha litobolewe. Hatari iyo hiyo ipo kwa anayenunua dawa ya kupimiwa katika chupa ya soda isiyo na lebo.

Nani asiguse kazi hii, na mwajiri anadaiwa nini?

Wajawazito, wanaonyonyesha, wenye pumu kali na wote walio chini ya miaka 18. Kwa hawa wa mwisho, sheria za kazi za Tanzania zinakataza kazi za hatari. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inamtaka mwajiri atoe vifaa kinga bila kumkata mfanyakazi mshahara, na ugonjwa uliotokana na kazi unaweza kulipiwa fidia kupitia Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi. Ili dai lisimame, tukio liripotiwe kwa mwajiri mapema, na mganga aandike kwenye cheti jina la dawa iliyotumika pamoja na tarehe.