Georges Brassens, mwasi aliyeheshimu mizani

Nafundisha gitaa, na kila nikimtaja Georges Brassens, mwimbaji na mtunzi wa Kifaransa, darasani napata lalamiko lilelile: nyimbo zake zote zinafanana. Sauti nzito ya mwanamume, gitaa kavu, besi kubwa ya kusimama, basi. Hakuna ngoma, hakuna tarumbeta. Lalamiko lina chembe ya ukweli. Brassens alivua muziki wake kila pambo ili neno lisikike, lakini chini ya uchache huo kuna ufundi ambao wapigaji wengi hawaugundui mpaka vidole vyao vikwame.

Alizaliwa tarehe 22 Oktoba 1921 huko Sète, mji wa bandari kusini mwa Ufaransa, pwani ya Mediterania. Baba yake alikuwa mwashi na mjenzi asiyetaka kusikia habari za mapadri. Mama yake, mwenye asili ya Italia, alikuwa Mkatoliki mcha Mungu aliyependa kuimba. Ushairi aliutiwa moyoni na mwalimu wake wa shule, Alphonse Bonnafé. Kisha kabla hajatimiza miaka 18 akaingia kwenye kundi la vijana waliokuwa wakiiba vito majumbani mwao wenyewe. Alikamatwa, akapewa kifungo cha nje, na mji mzima ukamnyooshea kidole. Baba alipokwenda kumchukua polisi, hakumkaripia wala kumpiga. Miaka mingi baadaye Brassens alimtungia wimbo kwa ajili ya siku hiyo, "Les Quatre Bacheliers".

Mwaka 1940 alihamia Paris kwa shangazi yake, akafanya kazi muda mfupi kiwandani Renault mpaka kiwanda kilipopigwa mabomu. Mwaka 1943 alipelekwa Basdorf, karibu na Berlin, kwa kazi ya kulazimishwa kwenye kiwanda cha injini za ndege cha BMW. Machi 1944 alipewa likizo ya siku chache kurudi Paris, na huyo hakurudi tena Ujerumani. Alijificha kwa mama mmoja aliyeitwa Jeanne, kwenye kichochoro cha Impasse Florimont, nyumba isiyo na umeme wala bomba la maji, iliyojaa paka na bata. Vita viliisha, yeye akabaki. Alikaa humo hadi 1966, miaka mingi baada ya kuwa na pesa za kununua nyumba nzuri zaidi. Wimbo wa shukrani, "Chanson pour l'Auvergnat", ambao wengi huuhusisha na Jeanne na mumewe Marcel, unahesabu hisani ndogo ndogo: vipande vinne vya kuni wakati wa baridi, vipande vinne vya mkate wakati wa njaa.

Jukwaani hakutaka kupanda. Mapema mwaka 1952, akiwa na miaka 30, alikwenda kwenye ukumbi wa mwimbaji Patachou kule Montmartre, mtaa wa Paris, kutafuta mtu wa kumwimbia tungo zake. (Patachou huyo alikuwa maarufu kwa kuwakata tai wanaume waliokataa kuimba naye.) Alichukua baadhi ya nyimbo, na nyingine akamwambia aziimbe mwenyewe. Mpiga besi aliyekuwepo, Pierre Nicolas, alishika chombo akamfuata, na akaendelea kumfuata maisha yote. Brassens alitoka jasho jukwaani tangu siku hizo hadi mwisho, mguu mmoja juu ya kiti, macho yakimtafuta Nicolas.

Sasa ufundi. Alianza na maneno, akiyapigia mdundo kwa vidole juu ya meza, na kuyakata na kuyarudia kwa muda mrefu. Siasa zake zilikuwa za kukataa dola, aliwahi hata kuandikia gazeti la wenye msimamo huo, *Le Libertaire*. Lakini mbele ya mizani na vina alikuwa mtiifu kuliko malenga wengi. Msikilizaji aliyelelewa kwa tenzi atamwelewa haraka.

Mfano ninaoupenda ni huu. Alichukua shairi la Louis Aragon, mkomunisti, "Il n'y a pas d'amour heureux", akalitilia sauti, yaani melodi. Kisha sauti ileile, bila aibu, akaivika shairi la Francis Jammes, Mkatoliki, ambalo ni sala kwa Bikira Maria. Mishororo ya mashairi yote mawili, ukiacha kiitikio, ina mizani 12, kwa hiyo yanakaa. Cha ajabu ni kwamba hayakai kwa namna moja: kwa Aragon sauti inaomboleza, kwa Jammes inapiga magoti. Isitoshe, ubeti wa mwisho wa Aragon, unaotaja mapenzi ya nchi, Brassens aliuacha nje.

"Le Gorille" ndio uliompa sifa mbaya. Gorila anatoroka kwenye tundu lake, anamvamia hakimu, na hakimu analia akimwita mama yake, sawasawa na mtu aliyemhukumu kukatwa kichwa siku hiyohiyo. Redio haikuucheza kwa miaka. Watu walicheka matusi wakapitwa na hoja dhidi ya adhabu ya kifo. Ufaransa ilifuta adhabu ya kifo tarehe 9 Oktoba 1981, na Brassens akafa kwa saratani siku 20 baadaye. Amezikwa Sète, na tangu 1999 yuko pamoja na Joha Heiman, mwanamke aliyempenda kwa zaidi ya miaka 30 bila kumwoa wala kuishi naye nyumba moja.

Kwa anayetaka kupiga: dole gumba linatembea kwenye nyuzi nene, vidole vingine vinajibu kordi kati ya mapigo. Mkono wa kulia ni rahisi. Kazi iko kushoto, kwa sababu kordi hubadilika upesi kama za jazi, na si bahati kwamba mwaka 1979 wanajazi walirekodi nyimbo zake naye akiwa kwenye gitaa. Anza na "Je me suis fait tout petit", polepole. Na kama Kifaransa kinakushinda, sikiliza kwanza Paco Ibáñez akimwimba kwa Kihispania au Fabrizio De André kwa Kiitalia. Maneno yamebadilika, lakini utasikia jinsi muziki ulivyosimama wenyewe.