Paka wa Goma: yanayosemwa na yaliyo kweli

"Paka akishiba anasahau panya"

Dhana hii inawatesa paka wengi, kutoka Birere hadi Ndosho. Mwenye depo ya unga ananunua paka kwa ajili ya panya, kisha anamnyima chakula ili awe mkali. Lakini hamu ya kuwinda haitokani na tumbo. Kinachomwamsha paka ni mwendo wa haraka na sauti nyembamba ya panya. Hata aliyeshiba huvizia na kuua, ila huenda asile. Kuvizia kunataka subira na nguvu, vitu ambavyo paka aliyekonda hana. Yeye huenda jalalani, huiba kwa jirani, na mwishowe humla panya aliyelegezwa na sumu. Sumu nyingi za panya huzuia damu kuganda, na paka aliyekula panya kama hao anaweza kuvuja damu ndani ya mwili siku kadhaa baadaye. Katika parseli (kiwanja) moja, chagua: paka au sumu.

"Atakula tunachokula"

Bugali na sombe (majani ya muhogo) havimuui leo. Vinampofusha polepole. Mwili wa paka hautengenezi taurini ya kutosha, kirutubisho kinachopatikana hasa katika nyama na samaki. Ikikosekana kwa miezi, macho huharibika na hayaponi, na moyo hutanuka na kudhoofika.

Paka wa kilo 4 anahitaji kalori 200 hivi kwa siku, yaani kama gramu 150 hadi 200 za sambaza (samaki wadogo wa Ziwa Kivu), wakipimwa kabla ya kupikwa na kugawanywa asubuhi na jioni. Wachemshe bila chumvi, kitunguu wala kitunguu saumu, kwa sababu vitunguu hupasua chembe zake za damu. Usimpe wabichi kila siku: samaki wengine wana kimeng'enya kinachoharibu vitamini B1, na paka huanza kuyumba, shingo ikapinda, kisha kifafa. Moto huua kimeng'enya hicho. Supu usiimwage, maana sehemu ya taurini imeyeyukia humo. Sambaza peke yao pia hawatoshi. Changanya na moyo wa ng'ombe au wa kuku, na ini kipande cha kidole gumba mara moja au mbili kwa wiki. Ini la kila siku humzidishia vitamini A, mifupa ya shingo ikakakamaa.

Maziwa? Paka wengi wakubwa huharisha wakiyanywa. Maji safi yanatosha.

"Akiwa na homa, mpe parasetamoli kidogo"

Usithubutu. Ini la paka haliwezi kuivunja dawa hiyo, na kidonge kimoja cha miligramu 500 kinaweza kumuua. Ufizi hugeuka kahawia au buluu, uso na nyayo huvimba, pumzi hukata. Akishaimeza, mpeleke kwa veterinere saa hiyo hiyo.

"Kichaa cha mbwa ni cha mbwa tu"

Paka hukipata na hukiambukiza. Akikuuma au kukukwaruza paka usiyejua chanjo yake, osha kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15 kamili, kisha nenda kituo cha afya siku hiyo hiyo. Wako mchanje akifikisha miezi 3, na tena baada ya mwaka.

"Paka mweusi ni wa wachawi"

Weusi ni urithi. Wazazi wawili wenye mistari, kila mmoja akiwa ameubeba bila kuuonyesha, wanaweza kuzaa mtoto mweusi. Chui mweusi naye ni chui yuleyule: mtazame juani, madoa yake yanaonekana. Inauma kuona paka mzima akipigwa mawe kwa sababu ya manyoya.

"Aliyekutwa amekufa shimoni amerogwa"

Upande wa Sake na Bulengo, magharibi mwa Goma, hiyo mara nyingi ni mazuku. Gesi ya kaboni dioksidi hutoka ardhini, na kwa kuwa ni nzito kuliko hewa, hujaa mabondeni penye miamba ya lava, hasa usiku na alfajiri upepo ukitulia. Haina rangi. Paka anayepumua karibu na ardhi huanguka kabla ya mtu aliyesimama. Usiiname kumwokota.

"Mtoto wa mondo akilelewa ndani atakuwa paka"

Paka wa nyumbani ametokana na paka mwitu mdogo wa Mashariki ya Kati, aliyezoea maghala ya nafaka kama miaka 10,000 iliyopita. Mondo, paka mwitu mwenye madoa na miguu mirefu, hakupita njia hiyo. Atazoea chupa ya maziwa, lakini dume akikua anaweza kufika kilo 18, akaweka mipaka yake kwa mkojo kila ukuta. Kanu na fungo, ambao wengi huwaita paka wa porini, hata si wa ukoo wa paka. Wa ukoo huo katika misitu ya Kongo ni chui na paka wa dhahabu, huyu wa pili akiwa mwekundu au wa kijivu, na mara nyingi huonekana kwa kamera za kutegwa tu.