Haki ya Dhamiri ya Mhudumu wa Afya: Maana na Mipaka Yake

Haki ya dhamiri, inapotajwa katika mambo ya tiba, ni haki ya mhudumu wa afya, awe daktari, tabibu, muuguzi, mkunga au mfamasia, kukataa kutenda kwa mkono wake jambo ambalo sheria inaliruhusu lakini imani yake inamkataza. Mambo yenyewe si mengi. Linalotajwa zaidi ni kutoa mimba. Baada yake huja kufunga kizazi na kutoa dawa za kupanga uzazi, hasa kidonge cha dharura, kile kinachomezwa baada ya kujamiiana ili kuzuia mimba. Katika nchi chache zilizoruhusu, limo pia suala la kumsaidia mgonjwa asiye na tumaini la kupona kuyakatisha maisha yake, lakini kwa kuwa sheria ya Kenya hairuhusu hilo, sitalirudia.

Neno dhamiri tumelipata kwa Waarabu, na kwa wengi lina harufu ya kitabuni. Watu hapa Mombasa husema kwa wepesi zaidi kwamba nafsi inamsuta mtu. Kusuta, kwa mtu wa Pwani, si jambo dogo: ni kumwendea mtu na kumwumbua hadharani kwa alilolisema au alilolitenda. Anayesutwa na majirani anaweza kuhama mtaa, ila anayesutwa na nafsi yake hana pa kuhamia. Uzito wa haki hii unatoka hapo. Haimkingi mhudumu aliyechoka, wala asiyeipenda kazi fulani, wala anayemwona mgonjwa kuwa mtu mbaya; inamkinga yule ambaye, akilitenda jambo lile, atakuwa ameivunja imani anayoishi kwayo.

Dhana hii haikuanzia kwa madaktari. Mwaka 1898 Bunge la Uingereza, baada ya miaka mingi ya ugomvi juu ya chanjo ya lazima ya ndui, liliwaruhusu wazazi waliokuwa na pingamizi la dhamiri kuwaepusha watoto wao na chanjo hiyo. Mwaka 1916 pingamizi hilo likaingia katika sheria ya kuandikisha askari, kwa watu ambao imani yao iliwazuia kuua vitani. Hospitalini liliingia kwa sheria ya Uingereza ya mwaka 1967 kuhusu kutoa mimba, iliyosema kwamba hakuna mtu atakayelazimishwa kushiriki matibabu hayo akiwa na pingamizi la dhamiri, isipokuwa pale yanapohitajika kuokoa maisha ya mama au kumwepusha na madhara makubwa ya kudumu. Zambia ilifuata mtindo huohuo katika sheria yake ya mwaka 1972, na Marekani ikaweka kinga yake mwaka 1973. Tangu mwanzo, basi, ruhusa ya kukataa ilizaliwa pamoja na mpaka wake.

Kwa upande wa Kenya, msingi ni Katiba ya mwaka 2010. Kifungu cha 32 kinampa kila mtu uhuru wa dhamiri, dini, fikra, imani na maoni, kinakataza mtu kunyimwa ajira kwa sababu ya imani yake, na kinasema kwamba mtu hatalazimishwa kutenda jambo lililo kinyume na imani au dini yake. Muuguzi akikisoma kifungu hicho peke yake anaweza kudhani suala limekwisha. Halijakwisha, kwa sababu Katiba hiyohiyo, katika Kifungu cha 43, inampa kila mtu haki ya kiwango cha juu cha afya kinachoweza kufikiwa, afya ya uzazi ikiwemo, na inaongeza kwamba hakuna mtu atakayenyimwa matibabu ya dharura. Kifungu cha 26 nacho kinakataza kutoa mimba ila pale ambapo, kwa maoni ya mtaalamu wa afya aliyefunzwa, pana haja ya matibabu ya dharura, au maisha au afya ya mama iko hatarini, au sheria nyingine iliyoandikwa inaruhusu. Uhuru wa dhamiri haumo katika orodha fupi ya Kifungu cha 25 ya haki zisizoweza kuwekewa mipaka, kwa hivyo unapokutana na uhai wa mtu mwingine unapimwa nao.

Sheria ya Afya ya mwaka 2017 inatusaidia kuupima. Inamruhusu mhudumu kukataa kumtibu mtu anayempiga, kumtukana au kumnyanyasa kijinsia, lakini hata hapo inaondoa hali ya dharura ambapo hakuna mhudumu mwingine. Ikiwa aliyetukanwa waziwazi hawezi kumwacha mgonjwa wa dharura, ni vigumu kuona vipi asiyetukanwa na mtu aweze kumwacha kwa sababu ya imani.

Jambo ambalo naona linasahauliwa mara nyingi zaidi kuliko mengine yote ni kwamba haki hii inahusu tendo, haimhusu mtu aliyekuja kulitafuta. Niliwahi kusimama katika duka la dawa upande wa Kisauni, nyuma ya msichana aliyeomba kidonge cha dharura, kile ambacho wengi hukiita P2. Muuzaji alimtazama toka juu hadi chini, akasema, “Zimeisha.” Vijisanduku vilikuwa kwenye rafu nyuma yake, na sote tuliokuwa kwenye foleni tulikuwa tukiviona. Msichana akaondoka bila neno. Siku nyingine, katika duka jingine, mzee mmoja aliombwa kidonge hichohicho, akajibu kwa sauti ya chini, “Hii mimi siuzi, mwanangu, lakini ukivuka barabara, duka lile la mlango wa buluu utapata.” Wote wawili huenda waliongozwa na imani moja. Wa pili alitumia haki ya dhamiri, kwa maana alisema kwamba ni yeye asiyeuza, kisha akamwonyesha mteja njia. Wa kwanza alidanganya, na sijui dhamiri gani inamtaka mtu aseme uongo ili iwe salama. Tena kidonge kile kinapungua nguvu kadiri saa zinavyopita, hivyo msichana anayezungushwa kutwa nzima akiamini kwamba mji mzima hauna dawa amekwisha kudhurika, hata akiipata jioni.

Mwenendo wa yule mzee ndio unaotakiwa na maandishi ya kitaaluma. Chama cha Madaktari Duniani, kilipoirekebisha kanuni yake ya maadili mjini Berlin mwaka 2022, kilisema kwamba daktari anaweza kutumia pingamizi la dhamiri ikiwa tu mgonjwa hatadhurika wala kubaguliwa na afya yake haitakuwa hatarini. Na kwamba ni lazima amweleze mgonjwa mara moja na kwa heshima, amjulishe haki yake ya kumwona daktari mwingine, na ampe maelezo ya kutosha ili aweze kumwona kwa wakati. Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, katika maelezo yake ya mwaka 2014 kuhusu Itifaki ya Maputo, yaani mkataba wa Afrika wa haki za wanawake, ilikaza zaidi: pingamizi ni la yule anayetoa huduma moja kwa moja, na halitumiki kwa mwanamke ambaye afya yake iko katika hatari kubwa na anahitaji huduma ya dharura. Kenya iliridhia itifaki hiyo mwaka 2010, ingawa iliweka sharti la kutofungwa na kipengele cha kutoa mimba.

Wapo wanaosema kwamba hata kumwonyesha mgonjwa njia ni kushiriki dhambi. Hoja hiyo si ya kuchekwa. Anayeamini kwamba tendo ni kuua hawezi kufurahia kuelekeza mtu kwenye mlango wake. Hata hivyo, ikikubaliwa bila kikomo haina pa kusimamia, kwa kuwa dereva wa ambulensi, karani wa faili na anayefua mashuka ya wodi wote wangeweza kudai wameshiriki. Mahakama ya Juu ya Uingereza ililikabili swali hili mwaka 2014, wakunga wawili wasimamizi wa wodi huko Glasgow walipodai kwamba kupanga zamu na kuwasimamia wauguzi wengine nako kulihitaji kinga ya dhamiri. Mahakama iliamua kwamba kushiriki ni kulitenda tendo kwa mikono. Kusimamia wodi si kushiriki. Uamuzi huo haufungi mahakama za Kenya, lakini unaonyesha pale ambapo mstari unaweza kuchorwa.

Kwa Mombasa, rufaa, yaani kumwelekeza mgonjwa kwa mhudumu au hospitali nyingine, si karatasi tu. Mgonjwa aliyeelekezwa kutoka Likoni kwenda hospitali kuu ya rufaa ya Pwani, ambayo wenyeji wengi bado huiita Makadara, amezoea kuvuka maji kwa feri, na usiku safari za feri huwa chache kuliko mchana. Mtongwe, Jomvu na sehemu za ndani za Kisauni nazo zina masafa yao, nauli yake na saa zake. Kwa hivyo neno “nenda kwa mwingine” lina maana pale tu ambapo huyo mwingine anafikika kabla hali ya mgonjwa haijabadilika. Mhudumu anayekataa katika hospitali yenye madaktari watano kwa zamu amemcheleweshea mgonjwa dakika chache. Anayekataa akiwa peke yake katika zahanati amefunga mlango wa mwisho, hata kama ametumia maneno yaleyale.

Pana pia kuchanganya dhamiri na hofu, na hapa Kenya nadhani hofu ndiyo kubwa zaidi. Sheria ya Adhabu, katika kifungu cha 158, inatishia kifungo cha hadi miaka 14 kwa anayetoa mimba kinyume cha sheria, na mhudumu asiyeelewa vizuri ruhusa iliyomo katika Katiba huona ni salama kukataa kila kitu kisha akasema dini yangu hairuhusu. Hiyo ni tahadhari ya mtu anayeogopa jela, na dawa yake ni kufundishwa sheria. Daktari anayeona kwamba dawa iliyoombwa itamdhuru mgonjwa naye anatoa maoni ya kitaalamu, ambayo yanaweza kuulizwa na kupimwa na daktari mwenzake. Dhamiri haipimwi hivyo, na ndiyo maana inastahili kutajwa kwa jina lake, pasipo kujificha nyuma ya visingizio vingine.

Mhudumu mwenye pingamizi na mwajiri wake, kila mmoja ana wajibu wake pia. Mkunga mwenye pingamizi asingojee mgonjwa alazwe kitandani ndipo aseme. Alitaje anapoajiriwa, ikiwezekana kwa maandishi, ili sista mkuu wa wodi apange zamu akijua nani atafanya nini. Akishafanya hivyo asionewe, asinyimwe cheo, wala asitungiwe jina la kejeli chumbani mwa chai. Gharama isiyotajwa sana humwangukia mwenzake asiye na pingamizi, ambaye hupewa kazi zile peke yake wiki baada ya wiki, na baadaye watu wakaanza kumtambua kwazo. Vilevile yupo mhudumu ambaye dhamiri yake inamsukuma kutoa huduma ambayo kituo chake cha kidini hakitoi. Wa aina hii hutajwa kwa nadra, japokuwa nafsi yake nayo humsuta.

Tuchukue mfano wa mwisho. Ni saa nane za usiku katika kituo kidogo cha afya, na mkunga wa zamu, ambaye aliandika mapema kwamba hashiriki kutoa mimba, analetewa mwanamke na dada yake. Damu imelowesha leso mbili, shinikizo la damu linashuka, na dada mtu anasema kwa kunong’ona kwamba walikwenda kwa mtu fulani mtaani jana. Pingamizi la mkunga halina pa kuingia hapa. Kilichoko mbele yake ni kutokwa na damu na huenda uambukizo, na kazi yake ni kuweka dripu, kupima kundi la damu, kusafisha mfuko wa uzazi ikiwa ana ujuzi na vifaa, au kuita ambulensi huku akiendelea kumshughulikia mgonjwa. Akiuliza ni dawa gani alizotumia na lini, anauliza kwa sababu jibu lake litaathiri matibabu, na jibu hilo huandikwa kwenye faili kama lilivyo.