Cable-laying: neno la wasokota kamba

Sisi tunasema mkongo umetandazwa baharini. Mwingereza kazi hiyo anaiita cable-laying. Ukilitazama juu juu, neno halina siri: cable ni waya, laying ni kulaza. Lakini cable haikuanza na waya hata kidogo. Asili yake ni Kilatini cha zama za mwisho, capulum, kamba ya kufungia mnyama, na kwa karne nyingi ilikuwa kamba nene ya nanga, ile ambayo mabaharia wa pwani yetu wanaiita amari. Ilizoeleka hadi ikawa kipimo: cable moja ni sehemu ya kumi ya maili ya bahari, kama mita 185.

Umeme uliingiaje kwenye amari? Mwaka 1850 ndugu wawili, Jacob na John Brett, walipitisha waya wa telegrafu kutoka Dover hadi Ufaransa. Ulikuwa shaba tupu iliyovikwa gutapacha, utomvu wa miti ya Asia. Haukudumu, inasimuliwa kwamba mvuvi wa Kifaransa aliunasa akaukata. Mwaka 1851 ikaja kazi nyingine: nyaya nne za shaba, katani, halafu nyaya 10 za chuma zilizosokotwa kuzunguka vyote hivyo, kama zinavyosokotwa kamba za chuma. Kikikunjwa ndani ya ngama, tumbo la meli, kitu hicho ni amari tu. Jina likajileta lenyewe.

Laying ndiyo inayonivutia zaidi. Kwa msokota kamba wa Kiingereza, lay ni kusokota: kamba ya cable-laid ni kamba tatu zilizokwisha kusokotwa, zikasokotwa tena pamoja kwa kinyume. Kwa fundi wa mkongo, lay ni kulaza chini. Sisi tuna vitenzi viwili, wao wanajibana na kimoja.

Mwaka 1857 maana hizo mbili zilikutana kwa ubaya. Kebo ya telegrafu ya kuvuka Atlantiki iligawiwa viwanda viwili, nusu kwa nusu. Kimoja kikasokota chuma kwenda kulia, kingine kushoto. Zikiungwa hivyo katikati ya bahari na kuvutwa na uzito wake, nusu zote mbili zingefumuka. Ikabidi mafundi watengeneze kibano cha mbao cha kuzuia kiungo kisizunguke, ndipo kilazwe.