Usikivu wa misuli ya moyo kwa histamini

Mtu anayemeza atenololi ya presha kila asubuhi kabla ya kushuka mwaloni Kirumba, hapa Mwanza, huelezwa kuwa dawa hiyo inaukinga moyo wake na msukumo wa adrenalini, homoni ambayo mwili huitoa wakati wa hofu au mshtuko. Maelezo hayo ni sahihi, ila hayagusi jambo moja: baada ya muda, moyo huohuo huweza kuitikia histamini kwa wepesi zaidi kuliko zamani.

Histamini ni kemikali ambayo mwili huitengeneza kutokana na histidini, mojawapo ya asidi amino zinazojenga protini, na wengi wetu tunaijua kwa kazi yake ya mzio, pale nyuki anapouma na ngozi ikavimba na kuwasha. Katika moyo wa binadamu hunasa hasa kwenye vipokezi, yaani sehemu za seli zinazopokea ujumbe wa kemikali, viitwavyo H2, ambavyo huongeza ndani ya seli mjumbe aitwaye cAMP, na kwa sababu hiyo misuli hujikaza kwa nguvu zaidi na mapigo huenda mbio.

Usikivu haupimwi kwa ukubwa wa mwitikio, ingawa mambo haya mawili huchanganywa mara nyingi. Kipande cha misuli ya moyo huning'inizwa katika maji ya chumvi yenye oksijeni, kikaongezewa histamini kidogo kidogo, kisha hutafutwa kiwango kinacholeta nusu ya nguvu yote ambayo histamini inaweza kuileta. Kiwango hicho kikishuka, usikivu umepanda, kikipanda, umeshuka.

Dawa inayoushusha usikivu huo ni rahisi kuielewa. Simetidini, iliyoingia sokoni Uingereza mwaka 1976 kwa ajili ya vidonda vya tumbo, hukalia kipokezi cha H2 chenyewe, hivyo histamini nyingi zaidi huhitajika ili kuishinda.

Atenololi ni kisa kingine, na kwangu ndicho chenye mvuto, kwa kuwa kazi yake ni kuziba vipokezi vya beta 1, ambavyo adrenalini hunasa, wala si vya H2. Hata hivyo, vipande vya moyo vilivyotolewa wakati wa upasuaji kwa wagonjwa waliokuwa wakiitumia kwa muda mrefu vimeonekana kuwa na usikivu mkubwa zaidi kwa histamini kuliko vya wasioitumia. Beta 1 na H2 ni kama milango miwili ya sebule moja, kwani vyote hupitishia ujumbe wake kwenye cAMP. Mlango mmoja ukifungwa kwa muda mrefu, aliye sebuleni humsikia upesi zaidi anayebisha hodi kwenye ule mwingine.

Mgonjwa wa namna hii akipatwa na mzio mkali, adrenalini anayodungwa huenda isifanye kazi ipasavyo, kwa kuwa mlango wake umezibwa, na ndiyo maana madaktari huweza kumwongezea glukagoni, homoni ambayo huinua cAMP bila kupitia vipokezi vya beta. Kuiacha atenololi ghafla kwa kuhofia hayo ni hatari ya aina yake, maana vipokezi vya beta navyo huwa vimeongezeka wakati vimezibwa, na adrenalini ya kawaida tu huweza kuupiga moyo kwa kishindo.