Fondaco dei Tedeschi: nyumba ya wageni pembeni mwa mfereji

Ukisimama kwenye daraja la Rialto mjini Venice, Italia, utaona jengo kubwa la mraba ambalo maji ya Mfereji Mkuu yanagusa miguu yake. Ndilo Fondaco dei Tedeschi, nyumba ya wageni ya Wajerumani. Neno fondaco limetokana na Kiarabu, funduq. Waswahili wa Muscat hulisoma kila siku kwenye mabango ya hoteli.

Nyumba hiyo ilikuwapo tangu 1228. Mfanyabiashara kutoka nchi za Wajerumani hakuruhusiwa kupanga kwingine: alilala humo, mzigo wake ukakaa humo, akauza kupitia dalali wa serikali, na watu wa ushuru walikuwa mlangoni. Usiku milango ilifungwa.

Lilivyojengwa, jengo lilisaidia ulinzi huo. Upande wa maji kuna baraza ya matao matano. Hapo mashua zilishusha fedha na shaba, zikapakia pilipili manga na pamba. Ndani ni ua mmoja, na roshani za matao zimeuzunguka ghorofa baada ya ghorofa. Maghala chini, vyumba juu. Ukitoka chumbani kwako, aliye uani anakuona. Paa la kioo mnaloliona leo ni la baadaye sana. Kwenye kingo za mawe za roshani bado zipo alama walizochonga wageni wenyewe, za aina ileile waliyotia kwenye marobota yao.

Jengo la awali liliungua Januari 1505. Serikali ikaamuru lijengwe upya, lakini marumaru na nakshi za kuchonga zikapigwa marufuku. Kufikia 1508 kuta zilikuwa zimesimama, tupu kabisa, ndipo wakaitwa wachoraji: Giorgione upande wa mfereji, na Tiziano, kijana bado, upande wa kichochoro. Kwangu mimi, hayo ndiyo matunda mazuri kabisa ya ubahili. Giorgione mwenyewe huenda asingekubali, maana ilibidi adai malipo yake. Wakadiriaji walisema dukati 150, yaani sarafu za dhahabu za Venice, akaondoka na 130. Chumvi na unyevunyevu vikaila rangi, hata vikabaki vipande vichache vilivyobanduliwa na kuwekwa makumbusho.

Napoleon alipoitawala Venice, wafanyabiashara wakatolewa, jengo likawa forodha. Baadaye likawa posta, na aliyefuata stempu alipita chini ya matao yaleyale. Mwaka 2016 likafunguliwa kama duka la anasa, na ngazi nyekundu za umeme zikapenyezwa kati ya roshani.