Mwendo wa mtu anayeteremka

Mwanafunzi wangu mmoja aliniletea tafsiri ya sentensi ya Kiarabu yenye neno takaffu'. Alikuwa ameandika: “Alipotembea aliyumbayumba.” Kamusi haikumdanganya, maana asili ya neno hilo ni kuinamisha chombo, kama bakuli. Lakini anayesifiwa pale ni Mtume Muhammad, na msimulizi ni Ali bin Abi Talib. Ayumbaye ni mlevi.

Riwaya hiyo imo katika Shamail, kitabu cha sifa za Mtume kilichokusanywa na mwanahadithi Tirmidhi, aliyefariki mwaka 892, na yenyewe inajifafanua: kaannama yanhattu min sabab, kana kwamba anateremka mteremko. Hebu shuka kilima ujitazame. Kifua kinatangulia kidogo, hatua zinakuja zenyewe, mguu unanyanyuliwa na kutuliwa bila kuburutwa. Wanalugha waliifananisha hali hiyo na jahazi linalokata maji huku limeinamia mbele. Chombo kinainama, ndiyo, ila kuelekea omo, si ubavuni! Katika riwaya nyingine ya Ali neno ni taqallu', lenye asili ya kung'oa: mguu unang'oka ardhini.

Naye Hind bin Abi Hala, mwana wa kambo wa Mtume, anasema Mtume alitembea hawnan, kwa upole, kisha anaongeza kuwa hatua zake zilikuwa pana na za kasi. Wanafunzi huona mgongano hapo. Mimi siuoni: hawnan inazungumzia utulivu wa mwenye kutembea, yaani hana papara wala maringo, na mtu mtulivu anaweza kufika upesi.

Msamiati wa umbo nao unadai subira hiyohiyo. Ali anasema Mtume hakuwa mrefu mummaghit. Tirmidhi ananukuu maelezo ya mwanalugha al-Asmai, kwamba huyo ni mtu aliyerefuka kupita kiasi, na ushahidi wake ni bedui mmoja aliyemsikia akilitumia neno la asili hiyo kwa mshale uliovutwa mno. Kinyume chake ni mutaraddid, mfupi ambaye viungo vyake kama vimeingiana. Kati yao yuko rab'a, mtu wa kimo cha wastani. Napenda sana ushahidi ule wa mshale, kwa sababu unakuonyesha mwili uliovutwa kabla hujafikiria kimo.

Waarabu wa kale walikuwa na jina la karibu kila mwendo. Darajan ni wa mtoto anayeanza kutembea, khataran wa kijana mwenye nguvu anayejitikisa, dalif wa mzee anayejikongoja kwa hatua fupi, rasafan wa aliyefungwa pingu miguuni. Ukizitafsiri zote kwa “kutembea”, umemfungua yule mfungwa na kumfanya mzee kijana.

Sisi wa pwani tumeyasikia maneno yale ya mteremko tangu utotoni, kwani yamo pia katika Maulidi ya Barzanji. Mwanafunzi wangu naye aliyakumbuka nilipomsomea kwa sauti. Akafuta, akaandika: “Alipotembea alielemea mbele, kama ateremkaye.”